Ukitaka cha mvunguni sharti uiname: Siri zilizofichwa ndani ya michezo ya video

MTU asiyecheza michezo ya video akimwona kijana akiurudia kwa mara ya kumi mchezo aliokwisha kuumaliza, hudhani kijana huyo hana la kufanya. Kumbe mara nyingi yuko kazini. Anagonga kuta moja baada ya nyingine, anajirusha kutoka juu ya paa, ama anasimama tuli chumbani kwa dakika kadhaa bila kugusa pedi, akitumai kuwa kutajitokeza jambo ambalo kijitabu cha maelezo hakikulitaja.

Na jambo hilo hujitokeza. Ndani ya gemu nyingi maarufu mna vyumba visivyoonyeshwa kwenye ramani, nyimbo zisizosikika ila kwa mwenye subira, na wahusika waliotoka katika michezo mingine kabisa wakaingia bila kubisha hodi. Wajuzi wa fani hii huziita siri hizo mayai ya Pasaka.

Makala haya yanaeleza jinsi siri hizo zilivyoanza, jinsi zilivyounganisha gemu zilizodhaniwa kuwa hazina uhusiano, na jinsi siri moja ilivyoitumbukiza kampuni kubwa katika kesi na hasara. Juu ya yote, yanaeleza jambo lililojificha nyuma ya siri nyingi kati ya hizo: haja ya mtu aliyefanya kazi kutambuliwa kuwa ndiye aliyeifanya.

Jina ndani ya nukta moja

Mwishoni mwa miaka ya 1970, kampuni ya Atari ya Marekani ndiyo iliyotamba katika biashara ya michezo ya video ya nyumbani. Aghalabu gemu moja ilikuwa kazi ya mtu mmoja. Ndiye aliyebuni kisa, akachora picha, akatia sauti na kuandika programu nzima. Hata hivyo, jina lake halikuandikwa popote, si kwenye kasha wala kwenye kioo cha runinga. Mnunuzi aliliona jina la kampuni tu.

Wapo waliochoshwa na hali hiyo wakaondoka. Mnamo 1979, watunzi wanne wa programu wa Atari, yaani David Crane, Larry Kaplan, Alan Miller na Bob Whitehead, walishiriki kuanzisha kampuni ya Activision, ambayo iliyatangaza majina ya watunzi wake pamoja na kazi zao.

Mwenzao, Warren Robinett, alichagua njia tofauti. Wakati huo alikuwa akitunga Adventure, mchezo wa kutafuta kikombe cha ajabu katika nchi yenye makasri na majoka. Kaseti nzima ya mchezo huo ilikuwa na nafasi ya baiti 4,096 pekee, nafasi ndogo kuliko inayohitajiwa leo kuhifadhi picha moja ya simu. Bila kumwambia yeyote, Robinett alitenga sehemu ya nafasi hiyo finyu kwa ajili ya chumba kimoja cha siri.

Kukifikia chumba hicho hakukuwa rahisi. Ndani ya kasri jeusi mlifichwa nukta moja ndogo yenye rangi ileile ya mandhari yake, kiasi kwamba mchezaji angeweza kupita hapo mara mia asiitambue. Aliyeiokota na kuipeleka mahali panapotakiwa, penye vitu vingine vya mchezo, aliweza kupenya ukuta. Upande wa pili alikuta maandishi yanayobadilika rangi, yakitangaza kuwa mchezo huo ulitungwa na Warren Robinett.

Robinett aliiacha kazi Atari na kwenda zake, kimya. Gemu ilipotoka mwaka wa 1980 ilinunuliwa sana. Haikuchukua muda, kijana wa miaka 15 kutoka mji wa Salt Lake City, jimboni Utah, akaiandikia kampuni barua kueleza alichokiona. Hapo ndipo wakubwa wa Atari walipojua kuwa bidhaa yao ilikuwa na jina la mfanyakazi tumboni mwake.

Kuiondoa siri hiyo kungeigharimu kampuni fedha, kwani ingelazimu kutengeneza upya kifaa cha ndani ya kaseti. Msimamizi mmoja, Steve Wright, alishauri iachwe, na zaidi ya hayo, gemu zijazo zitiwe siri kama hiyo makusudi ili wachezaji wapate raha ya kutafuta. Ndiye aliyezipa siri hizo jina la mayai ya Pasaka, akikumbuka desturi ya nchi za Magharibi ambapo wazazi huficha mayai yaliyopakwa rangi bustanini, na watoto huyasaka sikukuu hiyo ikifika.

Msomaji wa tenzi na mashairi hatashangazwa na alilolitenda Robinett. Malenga wetu tangu jadi wametia majina yao katika beti za kufunga, ili shairi likisafiri mbali lisimpoteze mwenyewe. Tofauti ni kwamba malenga hujitaja hadharani, ilhali Robinett alilazimika kujificha.

Kwa miaka mingi iliaminika kuwa Robinett ndiye aliyetangulia. Lakini mwaka wa 2017 iligunduliwa kuwa mashine ya Starship 1, iliyotengenezwa na Atari hiyohiyo mwaka wa 1977, ilikuwa na siri yake. Aliyejua kuvichezea vitufe vyake kwa utaratibu maalumu aliona salamu kwa mtunzi wake, Ron Milner, na kupewa michezo 10 ya bure. Siri hiyo ilikaa miaka 40 bila kujulikana kwa umma.

Mibonyezo kumi

Nchini Japani, siri iliyopata umaarufu kuliko zote ilizaliwa kwa sababu ya uchovu tu. Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami alipewa kazi ya kuihamisha gemu ya Gradius kutoka mashine za kumbi za michezo hadi mtambo wa nyumbani wa Nintendo, na toleo hilo likatoka mwaka wa 1986. Alipaswa kuijaribu mara kwa mara, lakini gemu ilikuwa ngumu mno na chombo chake cha angani kililipuliwa kila mara.

Hashimoto akajitungia njia ya mkato: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Aliyebonyeza hivyo alipata silaha zote kwa mpigo. Gemu ilipokwenda sokoni, mlango huo wa nyuma ulisahauliwa ndani.

Badala ya kuufunga, Konami iliuhamishia katika gemu nyingine. Katika toleo la nyumbani la Contra la mwaka wa 1988, mibonyezo hiyo ilimpa mchezaji maisha 30 badala ya matatu, na wengi walioicheza utotoni hawakujua njia nyingine ya kuimaliza. Hivyo basi, gemu ya vyombo vya angani na gemu ya wanajeshi msituni zikawa ndugu kwa sababu ya ufunguo mmoja.

Watunzi nao walijua kufanya mzaha. Katika Gradius III ya mtambo wa Super Nintendo, aliyetumia msimbo uleule wa zamani alipewa silaha zote, kisha chombo chake kikalipuka papo hapo. Hashimoto alifariki Februari 2020, na wachezaji kote duniani walimwomboleza kwa kuandika ile mibonyezo kumi.

Konami pia ndiyo iliyotoa Metal Gear Solid mwaka wa 1998, chini ya uongozi wa Hideo Kojima. Humo mna adui aitwaye Psycho Mantis anayejidai kusoma mawazo ya watu. Mchezaji hushtuka adui huyo anapomtajia gemu nyingine anazozipenda, kama vile Castlevania. Siri ni kwamba Mantis huchungulia kadi ya kumbukumbu iliyochomekwa kwenye PlayStation, akatafuta humo gemu nyingine za Konami zilizohifadhiwa.

Miaka 10 baadaye, katika Metal Gear Solid 4 ya mwaka wa 2008, mzuka wa Mantis hurejea na kujaribu ujanja uleule. Kwa bahati mbaya, PlayStation 3 haikuwa na kadi ya aina hiyo, naye hubaki akilalama. Mzaha huo haumchekeshi ila yule aliyekuwapo mwaka wa 1998.

Kisiwa cha ndoto

Kampuni ya Nintendo ina misururu miwili mikubwa ambayo kwa nje haifanani. Mmoja ni wa Mario, fundi wa mabomba mwenye masharubu anayeruka juu ya maadui. Mwingine ni wa Zelda, wenye shujaa Link anayezunguka na upanga na ngao. Anayetaka kuona misururu hiyo ikikutana kwa siri na aifungue Link's Awakening, iliyotolewa mwaka wa 1993 kwa mtambo mdogo wa mkononi wa Game Boy.

Gemu hiyo ilianza kama kazi ya ziada. Mtunzi wa programu Kazuaki Morita alikuwa akijaribu uwezo wa Game Boy, na wenzake wakaungana naye baada ya saa za kazi, kama wanafunzi wanaobaki shuleni kwa ajili ya chama chao. Takashi Tezuka, aliyekuja kuwa mwelekezi wake, aliwahi kueleza kuwa walijihisi kana kwamba wanatunga kichekesho cha Zelda. Kwa kuwa walianza bila shinikizo la wakubwa, waliyatia humo yaliyowafurahisha.

Ndiyo sababu Link, akiwa kisiwani Koholint, hukutana na maadui wa Mario wakitembea katika mapango. Hushinda kikaragosi cha Yoshi katika duka la michezo. Mbwa wa nyumba moja si mbwa bali ni lile dubwana la chuma lenye meno, lililofungwa mnyororo, ambalo wachezaji wa Mario hulikimbia. Isitoshe, kuna mzee mmoja anayeandikiana barua na mbuzi mwongo, na picha ambayo mbuzi huyo amemtumia akidai ni yake kumbe ni ya Binti Mfalme Peach!

Lakini aliye na maana zaidi ni chura mkubwa ambaye humfundisha Link wimbo. Chura huyo ni Wart, jemadari wa maadui katika Super Mario Bros. 2. Ili kujua alivyofika huko, inatupasa kurudi nyuma kidogo.

Super Mario Bros. 2 iliyouzwa Marekani mwaka wa 1988 haikuwa ya Mario tangu mwanzo. Ile ya kweli ya Japani, ya mwaka wa 1986, ilihofiwa kuwa ngumu mno kwa Wamarekani. Nintendo ikachukua gemu nyingine ya Kijapani iitwayo Doki Doki Panic ya mwaka wa 1987, ikawaondoa mashujaa wake, ikawaweka Mario na wenzake mahali pao. Wart na watumishi wake walibaki walivyokuwa. Baadhi ya watumishi hao, kama wale wanaovaa vinyago, leo ni wenyeji kabisa katika ulimwengu wa Mario.

Mwishoni mwa gemu hiyo, Mario huonekana kitandani, na mchezaji akatambua kuwa safari yote ilikuwa ndoto. Katika Link's Awakening nako, kisiwa cha Koholint ni ndoto ya Samaki wa Upepo, na siku samaki huyo atakapoamka, kisiwa na watu wake wote watatoweka. Wart basi ni kiumbe aliyetoka katika ndoto ya Mario akahamia katika ndoto nyingine. Mchezaji anayeyajua haya huusikia wimbo wa chura huyo kwa masikio mengine.

Miaka mitano baadaye, katika Ocarina of Time ya mwaka wa 1998, watunzi walirudia utani wao kwa upole. Uani mwa kasri, pale Link anapokutana na Binti Mfalme Zelda kwa mara ya kwanza, mna dirisha. Mwenye kuchungulia huona picha za wahusika wa Mario zimetundikwa ukutani.

Wimbo wa noti 19

Si maandishi na picha tu zinazofichwa. Kazumi Totaka, mtunzi wa muziki wa Nintendo, ana kijiwimbo kifupi cha noti 19 ambacho amekificha katika gemu nyingi alizozifanyia kazi. Kinasikika katika X na Mario Paint, zote za mwaka wa 1992, katika Link's Awakening, Yoshi's Story, Luigi's Mansion na nyinginezo, ingawa gemu hizo ni za misururu tofauti.

Katika Mario Paint, mchezaji hubofya herufi O ya jina la gemu. Katika Link's Awakening, sharti mtu asimame kwa takriban dakika mbili na nusu katika jumba la Richard bila kufanya lolote, asubiri muziki wa kawaida uzunguke hadi uishe. Ni wachache walio na subira hiyo, na ndio waliolengwa.

Katika Animal Crossing, iliyoanza Japani mwaka wa 2001, siri hiyo ilipata umbo. Kuna mbwa mpiga gitaa anayejulikana Ulaya na Marekani kama K.K. Slider. Jina lake la Kijapani ni Totakeke, linalotokana na jina la Totaka mwenyewe. Mchezaji akimwagiza wimbo uitwao K.K. Song, mbwa huyo hupiga zile noti 19.

Inafaa kukumbuka kuwa katika miaka ya 1980, watunzi wengi wa Japani walitakiwa kutumia majina ya utani katika orodha za mwisho wa gemu, kwa kuwa kampuni zilihofia washindani wangewanyakua. Kijiwimbo hakina jina la kufutwa.

Babu na mjukuu

Nchini Marekani, kampuni ya id Software ilijenga ukoo mzima kwa siri za aina hii. Watu walioiunda walianza na Commander Keen mnamo Desemba 1990, mchezo wa mtoto wa miaka minane anayesafiri angani akiwa amevaa kofia ya chuma. Mwaka wa 1992 walitoa Wolfenstein 3D, ambamo askari B.J. Blazkowicz hupambana na Wanazi. Mwishoni mwa 1993 wakatoa Doom, iliyojaa mashetani na damu.

Hizo ni gemu tatu zenye hali tatu tofauti. Lakini Tom Hall, aliyembuni Keen, alieleza kuwa mtoto huyo ni mjukuu wa Blazkowicz. Jina halisi la Keen ni Billy Blaze, kipande cha jina la babu yake.

Uhusiano huo ulizikwa ndani ya Doom II ya mwaka wa 1994. Katika hatua ya 15, mlango wa siri humpeleka mchezaji kwenye hatua ya 31, ambayo ni nakala ya ngome ya Wolfenstein pamoja na askari wake. Humo nako mna mlango mwingine unaoelekea hatua ya 32, na mwisho wake mchezaji hukuta vijana wanne wametundikwa kwa kamba. Wote wanne ni Keen.

Hall hakuwapo tena. Aliondoka katika kampuni hiyo mwaka wa 1993 baada ya kutofautiana na wenzake kuhusu mwelekeo wa Doom. Shabiki aliyemjua Keen tangu utotoni hakuweza kuitazama picha hiyo bila kuhisi kuwa enzi moja ilikuwa imezikwa. Nchini Ujerumani, hatua hizo mbili ziliondolewa katika toleo la huko kwa sababu ya alama za Wanazi.

Mwishoni mwa Doom II mna siri nyingine. Adui mkuu ni uso mkubwa wa shetani ulio ukutani, na kinachopigwa risasi hasa ni kichwa cha John Romero, mmoja wa watunzi, kilichofichwa nyuma yake. Wenzake walikiweka kwa utani. Romero alipokigundua hakukiondoa, bali alirekodi sauti yake ikisema kuwa anayetaka kushinda lazima amuue yeye, John Romero, kisha sauti hiyo ikageuzwa nyuma mbele ili isikike kama mngurumo wa shetani.

Kampuni ya Valve nayo ilifuata mkondo huo. Katika Half-Life 2: Episode Two ya mwaka wa 2007, wahusika huzungumzia meli iitwayo Borealis, mali ya kampuni ya kubuni ya Aperture Science, ambayo imepotea. Kampuni hiyohiyo ndiyo mandhari ya msururu mwingine, Portal. Katika Portal 2 ya mwaka wa 2011, mchezaji anayeacha njia na kupenya pembeni hukuta gati tupu chini ya ardhi, pamoja na boya lenye jina Borealis. Wasiojua hupita. Wanaojua husimama, maana wameona mahali meli ilipong'olewa.

Lisemwalo lipo?

Siri za kweli huzaa na za uongo. Gemu za kwanza za Pokemon zilipotoka Japani Februari 1996, kampuni ilitangaza viumbe 150. Lakini mtunzi wa programu Shigeki Morimoto alikuwa amemwingiza wa 151, Mew, katika nafasi ya takriban baiti 300 iliyobaki baada ya zana za kurekebishia hitilafu kuondolewa. Kiumbe huyo hakukusudiwa kupatikana na mchezaji wa kawaida.

Hitilafu ndani ya gemu zilifanya baadhi ya wachezaji wamwone, na uvumi ukaenea shuleni. Jarida la watoto, CoroCoro, likatangaza bahati nasibu ya kuwapa watu 20 Mew, na makumi ya maelfu wakatuma maombi. Siri ya mtu mmoja ikageuka kuwa tangazo kubwa la biashara.

Papo hapo ukaibuka uvumi kwamba Mew amejificha chini ya lori lililoegeshwa karibu na meli ya S.S. Anne. Hakuwapo. Lakini gemu hizo zilipotengenezwa upya mwaka wa 2004 kwa majina ya FireRed na LeafGreen, waliorudi kwenye lori hilo walikuta biskuti imefichwa karibu nalo. Watunzi walikuwa wamewasikia.

Hali kama hiyo ilitokea katika Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka wa 2004. Wachezaji waliapa kuwa jitu la manyoya linazurura msituni. Waliochambua programu ya gemu hawakuliona. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja: katika Grand Theft Auto V ya mwaka wa 2013, jitu hilo likaonekana, ingawa msako ukiisha, hubainika kuwa ni mtu aliyevaa vazi la manyoya.

Msururu huo, ulioanzia Dundee, Uskochi, una mizizi iliyofichika. Gemu ya kwanza ya mwaka wa 1997 ilikuwa na miji mitatu: Liberty City, San Andreas na Vice City. Miji hiyo ndiyo iliyokuja kubeba gemu tatu zilizofuata za miaka ya 2001, 2002 na 2004.

Katika San Andreas, mhusika Catalina anamwacha CJ na kwenda na kijana asiyesema neno. Kwa mgeni, huyo ni bubu tu. Aliyeicheza Grand Theft Auto III anamtambua mara moja kuwa ni Claude, na anajua kuwa mwanamke huyo atakuja kumpiga risasi na kumwacha akidhania amekufa. Juu ya nguzo ya daraja la Gant nako, aliyepanda hadi kileleni hukuta kibao kinachomwambia kuwa hakuna yai la Pasaka huko juu, na kumtaka aende zake.

La kuvunda halina ubani

Si kila kilichofichwa ni cha kuchekesha. San Andreas ilikuwa na mchezo mdogo unaoonyesha ngono kati ya CJ na mpenzi wake. Kabla ya gemu kutoka, kampuni ya Rockstar iliamua kuuondoa, lakini haikuufuta. Ilifunga tu njia ya kuufikia, na programu yake ikabaki ndani ya diski.

Mnamo Juni 2005, mtu mmoja wa Uholanzi alitoa programu ndogo ya kuifungua njia hiyo kwenye kompyuta. Kampuni ilidai mwanzoni kuwa hiyo ni kazi ya wadukuzi. Ilipothibitika kuwa picha hizo zimo hata ndani ya diski za PlayStation 2, utetezi huo ukaporomoka.

Julai 20, 2005, bodi ya Marekani inayopanga umri wa wachezaji iliihamisha gemu hiyo kutoka kundi la miaka 17 hadi kundi la watu wazima pekee, na maduka makubwa yakaiondoa. Seneta wa wakati huo, Hillary Clinton, alitaka uchunguzi ufanywe. Kampuni mama, Take-Two, ilitengeneza toleo jipya lisilo na sehemu hiyo. Mwaka wa 2009 ilikubali suluhu ya zaidi ya dola milioni 20 katika kesi ya wanahisa, kesi iliyogusa sakata hiyo pamoja na masuala mengine ya usimamizi.

Kwa watunzi, funzo ni kwamba kilichofichwa machoni hakijaondoka kwenye diski. Kwa mzazi, ni kwamba alama ya umri kwenye kasha hutolewa kutokana na yale ambayo kampuni imeyaonyesha. Si vibaya basi kuketi na mtoto na kuona anachokicheza.

Majina yangali yakitafutwa

Mtu angedhani kuwa kilio cha Robinett kimekwisha kusikika. Leo orodha ya watunzi mwishoni mwa gemu kubwa huweza kupita kwenye kioo kwa dakika nyingi. Adventure yenyewe imekuwa hadithi: chumba chake cha siri kilitajwa katika filamu ya Ready Player One ya Steven Spielberg, iliyotoka mwaka wa 2018.

Hata hivyo, Februari 2023 Nintendo ilipotoa upya Metroid Prime, gemu ya mwaka wa 2002, wale walioitengeneza mara ya kwanza hawakuorodheshwa kwa majina. Walishukuriwa kwa jumla, katika sentensi moja. Baadhi yao walilalamika hadharani, na malalamiko yao yalifanana na yale ya Atari miongo minne awali.

Kijana anayegonga kuta za gemu usiku wa manane basi hatafuti hazina ya kubuni pekee. Nyuma ya ukuta mmojawapo huenda yupo mtu aliyeketi miezi mingi akiandika programu, akachora, akatunga wimbo, kisha akaambiwa jina lake halitaandikwa. Anayeinama na kuliokota jina hilo anamlipa mtu huyo ujira ambao mwajiri wake alimnyima.